Bwana Pyo na Filamu ya Theluji ya Kwanza

Siku ya kwanza nilipomwona Bwana Pyo nilidhani ni mgonjwa. Alikuwa ndani ya lifti ya jengo letu, amesimama kwenye kona, amevaa koti la kijivu na viatu vilivyolowa, na hakuwa akienda popote. Nilipanda naye kutoka chini na ndoo yangu, nikashukia ghorofa ya sita, nikapiga deki korido nzima. Nilipoita lifti nikamkuta humo humo. Nikashuka, nikamwaga maji machafu, nikapanda tena. Yumo. Katikati ya safari mlango ulifunguka mahali ambapo hapakuwa na mtu anayengoja. Palikuwa na baiskeli ya mtoto tu, imelala ubavu, gurudumu lake bado linazunguka. Yule bwana alilitazama gurudumu mpaka mlango ukajifunga, kisha akashusha pumzi kama mtu aliyetoka kunywa maji baada ya kiu.

Mimi si mtu wa kuanza mazungumzo. Nilikuwa mfagizi wa jengo lile la Flemingdon Park, Toronto, kwa miaka mingi, na kazi niliipenda kwa sababu sakafu haimwulizi mtu maswali. Lakini mgeni akikaa kwenye lifti tangu asubuhi wapangaji watalalamika, na atakayeitwa ni mimi. Nikajikaza.

"Bwana, unatafuta ghorofa gani?"

"Zote," akasema.

Tuliongea Kiingereza, chake cha kuungaunga na changu cha kuokoteza, kwa hiyo hakuna aliyemwonea haya mwenzake. Hapa nitayaandika maneno yake kwa Kiswahili, na baadaye mengi aliyasema kwa Kiswahili kweli.

Wakati huo huo mama yangu aliingia na mfuko wa karoti. Mama aliitwa Sakarbai. Huko Tabora tulikotoka alikuwa na duka la vitambaa, na mpaka uzee wake alimtazama kila mtu kama anayekadiria atahitaji yadi ngapi.

"Huyu nani?" akaniuliza.

"Simjui, Mama."

"Viatu vimelowa. Mlete ale."

"Mama, mtu mwenyewe hatumfahamu."

"Atafahamikaje na njaa? Wewe mwanangu ungekuwa mlango ungefungwa daima."

Ndivyo Bwana Pyo alivyoingia kwetu, kwenye ghorofa ya juu kabisa, na kula wali na kuku paka wa nazi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alipomaliza akaosha sahani yake mwenyewe, akaifuta, akaiweka kifudifudi. Mama alikuwa akimwangalia kutoka kwenye kochi. Hilo la sahani ndilo lililomfungulia mlango wetu kwa miaka yote iliyofuata.

Jina lake kamili lilikuwa Pyo Jae-uk. Kule Seoul alikuwa mwandishi na mwongozaji wa filamu. Alianza kwa kuwaandikia wengine hadithi za polisi wachekeshaji, kisha akaruhusiwa kuongoza filamu yake mwenyewe, ya fundi wa miavuli katika mji usiopata mvua. Hiyo ilipendwa na kupewa tuzo ndogo. Ya pili ilionyeshwa juma moja, ukumbi ukiwa mtupu, kisha ikaondolewa. Baada ya hapo simu yake haikulia tena. Mwaka 2003 yeye na mkewe, Bi. Hye-rim, walihamia Toronto, ambako dada wa mkewe aliwaachia duka la dobi karibu na Don Mills.

Nilizoea kupita dukani kwao nikirudi kutoka kununua sabuni. Bi. Hye-rim alikaa mbele na wateja. Bwana Pyo alikuwa nyuma, kwenye pasi kubwa ya mvuke, akinyoosha mashati. Kila aliposhusha pasi wingu jeupe lilipanda likamfunika hadi kifuani, na ndani ya wingu hilo midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akitunga. Michezo ya televisheni aliyoituma Seoul ilionyeshwa kwa jina la mtu mwingine, na watu wa kule, alivyoniambia mkewe, walilia machozi mbele ya televisheni bila kujua kwamba maneno yale yalitoka kwenye mvuke wa mashati ya watu wa Toronto.

"Yeye hayuko hapa," Bi. Hye-rim aliniambia siku moja, akinionyesha kichwa cha mumewe juu ya wingu. "Mimi nimeolewa na koti tu."

Alicheka alipolisema hilo. Lakini alikuwa amechoka.

Bwana Pyo alikuwa na filamu moja aliyotaka kuitengeneza kabla hajafa. Alitusimulia akiwa ameketi sakafuni kwetu, na ilikuwa fupi. Bibi kizee anamngoja mgeni. Ni siku ya theluji ya kwanza. Bibi anatoka kwenye nyumba yake juu kabisa, anaingia kwenye lifti ashuke kumpokea mgeni wake kituo cha basi. Lifti inasimama kila ghorofa, na kila mlango ukifunguka kuna jambo. Basi.

"Kwa nini theluji ya kwanza?" Mama aliuliza.

"Kwetu watu huahidiana. Husema, tutaonana siku ya theluji ya kwanza. Hawataji tarehe. Ikianguka tu, kila mtu anajua aende wapi."

"Na bibi utampata wapi?"

"Nimempata."

Mama aligeuka kuangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Loo! Mimi? Nina miaka sabini na moja na jino la dhahabu."

"Hilo jino nimelitazama tangu siku ile ya kuku."

Basi Mama akakubali, na alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Mimi kazi yangu ikawa ufunguo wa lifti, kwa sababu nilikuwa nao: nisimamishe pale anapotaka, niache iende anapotaka, nisionekane. Kazi hiyo ilinifaa.

Alichokuwa hajatuambia ni namna atakavyofanya kazi. Filamu ilikuwa ya siku moja, siku ya theluji ya kwanza, kwa hiyo alipiga picha siku hiyo tu. Theluji ya kwanza ilipoanza kushika juu ya mapaa ya magari alifunga duka, akaja mbio na kamera, mkewe nyuma yake na maikrofoni, na wakafanya kazi mpaka mwanga ulipokwisha. Kisha wakafungasha mpaka mwaka unaofuata. Mwaka mwingine waliweza ghorofa mbili. Mwaka mwingine moja.

"Theluji ni theluji," Mama alimwambia. "Ipo mpaka Aprili. Kwa nini usimalize?"

"Mama, chai ya kwanza ya asubuhi na chai ya pili ni moja?"

Mama alifikiri. Alikuwa mtu wa chai.

Mwaka wa kwanza kulikuwa na jambo la kichwa. Bwana Pyo alinivuta kando kwenye korido, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwao hakuna anayeanza kupiga filamu bila kuweka mezani kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, tena chenye uso wa kucheka, watu wakakiinamia kuomba heri. Nikajua wazi kwamba habari hiyo sitaweza kuifikisha kwa Mama. Akaenda mwenyewe.

"Kichwa cha nini?"

"Nguruwe."

"Katika nyumba hii?"

"Ndiyo maana nauliza kwanza, Mama."

"Astaghfirullah. Kwani mbuzi wamekosa nini?"

Tukaenda kwa mchinjaji wa halali, mimi na yeye. Alichagua kwa muda mrefu sana. Alivigeuza vichwa kimoja kimoja, akainama, akavitazama usoni.

"Anatafuta nini huyu?" mchinjaji akaniuliza.

"Anayecheka."

"Mbuzi amechinjwa, acheke nini?"

Hata hivyo alimpata mmoja aliyekuwa na mdomo umepinda kidogo, akafurahi, akakiacha kichwa kwetu kwa sababu redio ilisema kesho yake theluji. Kweli ilianguka. Waliingia asubuhi, Bi. Hye-rim amevaa nguo safi, wakatandika kitambaa cheupe, wakapanga matunda na mishumaa. Nafasi ya katikati wakaiacha wazi.

"Mama, kichwa kiko wapi?" Bwana Pyo akauliza.

Mama akafunua sufuria. Mvuke ukapanda mpaka darini.

"Kimeiva tangu alfajiri. Mlitaka mle saa ngapi?"

Hakuwa na kosa. Kwetu mtu akikuletea kichwa cha mbuzi jioni, amekuletea supu. Bwana Pyo alichungulia ndani ya sufuria kwa muda, na mimi niliyekuwa nimeshika mlango niliogopa kwamba filamu imekwisha kabla ya kuanza.

"Bado anacheka?" akauliza.

"Anacheka sana. Nimemtia ndimu na pilipili manga."

Basi wakaweka sufuria katikati ya kitambaa. Bwana Pyo akapiga magoti ili aweke paji la uso chini, na Mama akapiga kelele, "Ebo! Sufuria haisujudiwi! Kusujudu ni kwa Mungu. Inama kidogo tu, kama mtu aliyeangusha sindano." Wakainama kama walioangusha sindano. Kisha tukanywa supu, na tangu mwaka huo hawakuanza kazi bila sufuria hiyo.

Nikiikumbuka miaka ile sasa, haijipangi. Yote ni siku moja. Mama amevaa koti la rangi ya zambarau na skafu ya manjano, yale yale kila mwaka. Niliyahifadhi kwenye mfuko juu ya kabati. Mlango wa lifti unafunguka, na kwenye ghorofa moja kuna watoto wamekaa wamepanga viatu vya familia zao kama treni. Unafunguka, na kuna mzee amebeba godoro kichwani, haonekani uso. Unafunguka, na korido yote imejaa harufu ya vitunguu na hakuna mtu, na Mama anavuta harufu ile akiwa amefumba macho. Bwana Pyo hakuwafundisha watu la kusema. Aligonga milango asubuhi, akawauliza wangekuwa wakifanya nini kama theluji isingeanguka, akawaomba wafanye hilo. Kwenye ghorofa ya tisa Bi. Farhat, mjane jirani yetu, alisema angekuwa analala. Akaleta mto wake, akalala kwenye korido, na mlango wa lifti ukamfungukia na kumfungia, akikoroma kwa kweli.

Na kati ya mlango mmoja na mwingine, Mama alikuwa akizeeka. Kwenye ghorofa za juu anasimama wima na mkoba mkononi. Ghorofa kadhaa chini ameegemea ukuta. Chini zaidi ana fimbo. Ni asubuhi ile ile moja, theluji ile ile kwenye dirisha la korido, skafu ile ile. Siku moja Bwana Pyo alinionyesha vipande vichache alivyokwisha kuviunganisha, kwenye kompyuta iliyokuwa kati ya mashati. Nilimwona mama yangu akienda chini kama jiwe linalozama polepole kwenye maji safi. Nilitoka nje bila kuaga.

Bwana Pyo alijifunza Kiswahili kwa Mama. Mama hakupenda Kiingereza, na Bwana Pyo alisema hawezi kumwongoza mtu katika lugha inayomfanya aonekane mdogo. Akaanza na "subiri", "taratibu", "tena mara moja". Baadaye akawa anasema "mwanangu usinichokoze" kama mwanamke wa Tabora, maana hakuwa na mwalimu mwingine.

Mwaka mmoja watu wa Seoul walimwandikia. Walitaka kununua hadithi ile, waitengeneze katika majuma mawili, lifti ya mbao, theluji ya mashine, mwigizaji mashuhuri. Yeye ndiye angeongoza, na jina lake lingeandikwa. Bi. Hye-rim alimwomba akubali. Najua kwa sababu alikuja kulia jikoni kwa Mama. Bwana Pyo alikataa, na mkewe hakusema naye kutoka Machi hadi miti ilipotoa majani. Halafu theluji ya kwanza ilipoanguka, huyo hapo, nyuma ya mumewe na maikrofoni.

"Nilidhani umeacha," nilimwambia. Ni moja ya mara chache nilizomwuliza mtu jambo.

"Na yeye nani atamsikilizia?" akasema.

Mwaka 2012 Mama alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Theluji ya kwanza ilipoanguka alikuwa hospitali, anaitazama dirishani, na Bwana Pyo alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni bila kamera, na yeye anaitazama. Kilichobaki kwenye filamu kilikuwa ghorofa ya chini peke yake: mlango ufunguke, bibi atoke nje. Bila hicho, miaka yote ilikuwa lifti isiyofika. Daktari alisema Mama atatembea kwa kigari cha kusukuma, na kwa umri wake kila majira ya baridi ni ya kumshukuru Mungu. Sote tuliosikia tulielewa. Kama si mwaka unaofuata, basi tena.

Mwaka uliofuata theluji ilikuja mapema, mwezi wa Novemba, siku ya kijivu isiyo na upepo. Mapande yake yalikuwa makubwa na yalikuja moja moja, kama yanayosita. Waliingia. Tuliinamia sufuria. Mama alikuwa amevaa, amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mikono juu ya kigari chake.

"Haya, Piyo," Mama akasema, maana "Pyo" halikumkaa mdomoni. "Niambie huyo mgeni atakavyokuja."

Bwana Pyo alikuwa anafuta lenzi. Akaendelea kufuta.

"Ukitoka nje, Mama, utasimama karibu na kituo cha basi. Utatazama barabara."

"Halafu?"

"Basi."

"Na mgeni?"

"Hakuna mgeni."

"Amechelewa?"

"Haji, Mama."

Sijui kwa nini miaka yote hiyo hakuna aliyekuwa ameuliza. Mama alikuwa na hakika. Kila mwaka kulikuwa na sufuria, na kwake sufuria haiwekwi motoni bila mgeni njiani.

"Yaani ghorofa zote hizi nimezishuka, nyonga nimevunja, kumpokea mtu asiyekuja?"

"Nyonga ulivunja bafuni, Mama," nikasema.

"Nyamaza wewe!"

Bwana Pyo akaweka kamera chini. Akatuambia, akiwa amesimama, habari ambayo hata mkewe aliisikiliza kama hajapata kuisikia yote. Mama yake aliishi katika mji mdogo mlimani, na nyumba yake ilikuwa juu ya ngazi ndefu za mawe. Bwana Pyo alikuwa kijana, msaidizi wa mwongozaji mwingine, na alikuwa amemwahidi mama yake kwamba siku ya theluji ya kwanza atakuja. Theluji ikaanguka. Siku hiyo walikuwa wanapiga filamu na hakuthubutu kuomba ruhusa. Mama yake akashuka ngazi zote hadi kituo cha basi, akasimama mpaka theluji ikafunika viatu. Alikufa kabla ya majira kubadilika. Majirani ndio waliomweleza.

"Mgeni hakuja," akasema. "Nikimleta kwenye filamu nitakuwa nimesema uongo."

"Alikuwa amepika?" Mama akauliza.

"Alikuwa amepika. Supu ya mbavu."

"Nani aliila?"

Akaokota kitambaa cha lenzi.

"Nakuuliza wewe. Nani alikula chakula cha mama yako?"

"Hakuna. Hakukuwa na mtu."

"Ulikuwepo?"

"Sikuwepo."

"Basi usiseme hakuna." Mama akakaza skafu yake. "Mwanamke aliyepika sufuria nzima harudi akaimwaga. Labda wewe ungefanya hivyo."

"Mama, naomba. Ni mwisho wangu. Nimeubeba tangu Seoul."

Bi. Hye-rim alikuwa dirishani. "Theluji inapungua," akasema.

Nilimtazama Bwana Pyo akiinua tena kamera yake kutoka chini. Alikuwa mtu wa karibu miaka hamsini na mitano, amekunja mashati ya watu kwa miaka kumi, na kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa kimekaa juu ya kiti mbele yake kimekasirika.

Mama akasimama, akashika kigari chake.

"Twende. Nitasimama unapotaka. Lakini mimi ni mimi."

Tukashuka. Niligeuza ufunguo, nikaiacha lifti iende moja kwa moja, na nikabana nyuma ya nguzo ya ukumbini. Mlango ukafunguka. Mama akatoka, akapita sakafu niliyoipiga deki asubuhi, akatoka nje. Niliona mgongo wake wa zambarau ukiingia kwenye weupe. Alifika karibu na kituo, akasimama. Hakufanya kitu. Alitazama barabara. Theluji ilimtua mabegani na hakuikung'uta. Bwana Pyo alikuwa nyuma yake na kamera, na hakukata. Hapo alikuwa nao, mwisho wake wote, barabara tupu na kimya na mama anayengoja, na nadhani kama angezima kamera wakati ule ningeandika hadithi nyingine.

Basi la kwenda Eglinton likaja. Likasimama, likafungua mlango, akashuka mwanamke mmoja mwenye koti jeusi na suruali ya buluu ya wauguzi, amevaa visikilizio masikioni, ameinamisha kichwa.

"Karibu," Mama akamwambia. "Umechelewa."

Yule mwanamke akapita hatua mbili, akasimama. Akavua kisikilizio kimoja.

"Mama, ni mimi unaongelesha?"

"Kwani kuna mwingine ameshuka?"

"Hapana, lakini... tunajuana?"

"Chakula kinapoa. Shika hapa, mguu wangu mbaya."

Aliitwa Nyaboke, Mkenya, muuguzi, anakaa jengo la pili, na hatukuwa tumepata kumwona. Baadaye alisema alidhani ni ajuza aliyepotea, na kazi yake ni kutowaacha watu kama hao kwenye baridi. Akamshika Mama mkono. "Sawa, Mama. Twende nikufikishe kwa nyumba." Wakageuka, wakaja moja kwa moja kwenye kamera, wakaipita. Bwana Pyo akageuka nao. Sijui kama aliamua. Miguu iliwafuata.

Kwenye lifti Nyaboke aliona kamera na Mkorea aliyeishika na mwingine mwenye maikrofoni. Akarudi nyuma.

"Na hawa?"

"Wanangu. Usiwatazame, utawaharibia filamu yao."

"Na huyo wa kujificha?"

"Huyo pia wangu, lakini huyo hata bila filamu anajificha."

Juu, Mama alimketisha, akamjazia bakuli. Nyaboke alionja, akafumba macho. "Mama! Hii ni ya kichwa? Tangu nitoke Kisii sijainywa." Akanywa, akaongezewa, akanywa. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kucha na ya asubuhi juu yake. Alikuwa akisimulia habari ya shangazi yake na sentensi ikakatika katikati. Tukamtazama. Alikuwa amelala, kijiko mkononi, mdomo wazi kidogo, na nyuma yake dirishani theluji ilikuwa imeshika kasi tena, nyingi, nyeupe, mpaka jengo la pili halikuonekana. Mama alimtoa kijiko vidoleni taratibu. Kamera iliendelea mpaka betri ilipokufa yenyewe.

Bwana Pyo akafungasha vyombo vyake, akavaa viatu, akatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kutoka kwetu bila kula.

Hakuja majira yote ya baridi. Dukani nilimkuta mkewe peke yake kwenye pasi. Alisema mumewe yuko chumba cha nyuma, anaunganisha filamu. Anatazama barabara tupu, anasema filamu imekwisha hapo. Kesho anamtazama yule dada muuguzi akila. Kesho kutwa anarudi barabarani. Tamasha moja dogo la filamu huko Korea lilikuwa limekubali kuipokea, na tangu filamu ya miavuli hakuna tamasha lililowahi kumwita. Alijua hatapata nafasi nyingine ya kusema alichotaka kusema kuhusu mama yake, na alikuwa na miisho miwili.

"Amechagua upi?" Mama aliniuliza kila siku.

"Sijamwona."

"Kamwulize."

"Siwezi, Mama."

"Wewe utakufa hujauliza njia ya kaburini."

Mwaka 2014 alisafiri. Hakurudi tena Toronto. Chuo kimoja cha mkoani kilimpa kazi ya kufundisha vijana kuandika filamu, Bi. Hye-rim akauza duka akamfuata, na miaka mitatu baadaye akatuandikia kwamba moyo wa mumewe ulisimama darasani, akiwa anasoma kazi ya mwanafunzi kwa sauti. Mama alikuwa bado hai. Alipika siku hiyo, akamwita Nyaboke, tukala watatu. Filamu yenyewe mimi sijaiona kwenye ukumbi, na mwisho wake naujua kwa namna moja tu.

Siku ya safari yake, Mama alikuwa kwenye ibada jamatkhana. Bwana Pyo alipanda juu, akakuta mlango umefungwa, akashuka. Nikambebea sanduku mpaka kwenye teksi. Lilikuwa jepesi. Kisanduku kidogo chenye filamu alikikumbatia kifuani, hakunipa. Nilikuwa nimejiandaa kumwuliza. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, machache. Alinitazama, akanisubiri. Nikamfungia mlango wa gari. Teksi ikaanza kusogea, kisha ikasimama, kioo kikashuka, na akaniita kwa jina, kwa Kiswahili cha Tabora alichopewa na mama yangu:

"Madatali! Mwambie Mama, yule dada nimemwacha ale mpaka ashibe."